Mpira Usiokuwapo

Miaka thelathini na moja
nilipeleka barua mjini Oulu kwa baiskeli,
matairi yana misumari, kope zimeganda,
ngazi za watu zinang'aa kama kioo kilichopakwa mafuta,
na sikuanguka.
Andika hilo kwanza, daktari.
Sikuanguka.

Basi Jumamosi, saa tisa alasiri,
jua limekwisha kufunga duka,
Otso mjukuu wangu akanifunga rimoti kiganjani
kwa kile kikamba chake cheusi,
akasema: Bibi, atakayeshindwa anaosha vyombo.
Akaniumbia mtu mle ndani ya runinga:
mvi, miwani, mikono miwili inayoelea,
miguu kama njiti za kiberiti, haina kifundo wala goti.
"Huyu ndiye wewe."
Nikamkubali. Alikuwa mwembamba kunizidi.

Tenisi sijacheza maishani mwangu.
Lakini mkono, ajabu, ulijua,
mkono uliosukuma bahasha katika matundu ya milango
hata milango ikanizoea.
Sita kwa nne. Sita kwa mbili.
Nikavua sweta. Nikavua soksi ya kushoto,
ya kulia sikupata nafasi.
Nikasukuma meza hadi dirishani,
jasho likanitiririka, mimi, mwezi wa Desemba,
na mtoto anacheka ameshika tumbo.

Kisha ukaja ule mpira, chini, kushoto,
karibu na mguu wa kochi.
Mpira usiokuwapo.
Niliuona, daktari. Naapa.
Mwili haujui utani:
ukiuambia kuna mpira, unakwenda.
Kiwiliwili kikageuka, paja likageuka,
wayo mtupu ukang'ang'ania zulia,
na goti hapo katikati
kama mtoto wa wazazi wanaogombana
halijui limfuate nani.

Pa.

Sauti ndogo tu,
bahasha nene inapodondoka nyuma ya mlango.

Marehemu Ilmari alikuwa akisema
sijapata kumpigia mtu goti, hata mchungaji.
Haya, Ilmari. Nimeipigia runinga.

Kwenye benchi la hospitali tulikuwa saba.
Mzee mmoja, kiuno: barafu ya uwanja wa kanisa.
Mwenye duka la nyuzi, kisigino: barafu ya mlangoni pake.
Msichana wa benki, kifundo cha mkono:
barafu, alisema, ya kituo cha basi.
Wakanigeukia.
"Barafu," nikasema,
nao wakatikisa vichwa, wakanisogezea nafasi
kama mtu wa ukoo.
Nilimminya Otso kidole, lakini siri kwa mtoto ni kikohozi.
"Bibi alikuwa anaongoza!" akasema kwa sauti.
"Alikuwa ananifunga seti ya tatu, sebuleni!"

Mzee akatazama dari.
Msichana wa benki akaitazama bendeji yake,
akawa mwekundu hadi masikioni,
na hakusema neno.

Gegedu limechanika, umesema, wiki sita,
labda kisu, labda sivyo.
Umeniuliza kama nilinyoosha viungo kabla ya kuanza.
Daktari, nani hunyoosha viungo
kabla ya kukaa na mjukuu?

Usiku huu mguu uko juu ya mito miwili,
umevimba kama mkate uliosahauliwa karibu na jiko.
Hakuna aliyezima mashine.
Yule mwanamke mwembamba bado yumo,
anayumba kidogo, kushoto, kulia,
raketi mkononi, hajachoka, haumwi,
arobaini kwa kumi na tano,
ananingoja nipige.
Sina kinyongo naye. Ila sikuambiwa
kwamba magoti ya wote wawili
yangetoka kwangu.

Jikoni vyombo vinagongana.
Alikuwa nyuma kwa pointi, na neno ni neno.
Taratibu na hiyo bilauri ya bluu, Otso.
Hiyo ipo kweli.